Maji ya Mlimani Yana Wenyewe

Mwaka wa pili tangu tuhamie Nizwa, Omani, baba alinitaka nimsindikize mlimani, kwenye kijiji alichozaliwa. Aliondoka huko ana miaka saba, kapakiwa juu ya punda baina ya magunia mawili, baba yake akimpeleka Unguja. Sasa alikuwa amepita sitini, magoti yanamsumbua, na katika watoto wake wote ni mimi tu niliyekuwa na likizo, kwa kuwa nilikuwa nikifundisha skuli ya wasichana. Nilikubali kwa shingo upande. Maisha yangu yote nilikuwa sijapanda kitu kirefu kuliko ngazi za nyumba yetu ya Unguja.

Nilijua anatafuta nini, lakini hakukisema mpaka tulipofika nusu ya njia, tumekaa juu ya jiwe tunatafuta pumzi. Pale Nizwa watu walituita Wazanzibari, kama walivyotuita Waarabu kule Unguja.

"Mwanangu," akasema, "kama na huku juu nitakuwa mgeni, basi mimi sina kwetu. Nitajua moja."

Alisema taratibu, kisha akaomba maji. Mwenye punda aliyekuwa akituongoza alitutazama tunavyohema, akatabasamu. Nilimchukia mpaka tulipofika.

Kijiji chenyewe kilikuwa kimekaa ukingoni mwa genge, nyumba za mawe na udongo zimepandana, paa la huyu ndio uwanja wa yule. Chini yake makonde madogo madogo yalishuka kama ngazi, yana mikomamanga, mawaridi na vitunguu thomu. Maji yalitoka ndani ya jabali, yakapita kwenye mfereji mmoja wa kujengwa, falaji, na kutoka hapo yakagawanywa konde kwa konde. Hapakuwa na mvua ya kutegemea wala kisima. Kijiji kizima kilikuwa kikiishi kwa mfereji ule usiozidi upana wa mkeka wa kusalia.

Wanaume walimpokea baba barazani kwao, wakamtilia kahawa, wakamwekea tende, wakamwuliza habari za njia. Baba alijibu kwa Kiarabu alichokuwa akikifanyia mazoezi tangu Nizwa, akataja na jina la baba yake. Hakuna aliyemwambia kuwa anamjua, wala aliyemwambia hamjui. Walimkaribisha vizuri mno, na hilo ndilo lililomkosesha raha. Mtu wa nyumbani hakaribishwi vile.

Mimi nililazwa kwa bibi mmoja mjane, macho yake hayaoni vizuri, ana mikomamanga sita na mbuzi mmoja, basi. Alinipapasa uso, akanilisha mkate wa moto na asali mpaka nikashindwa kuinuka.

Asubuhi yake nikatoka kufua kanzu ya baba, maana ilijaa vumbi la njiani. Nilikuwa nimeshaambiwa nisifulie juu, kwani huko ndiko watu wanakoteka ya kunywa, na nikajiona mtu mwenye adabu kwa kulikumbuka hilo. Nikashuka chini, nikafika mahali mfereji unapogawanyika. Mkono mmoja ulikuwa unapita maji, wa pili ulikuwa mkavu, umezibwa kwa jiwe lililovishwa matambara. Sisi tumekulia kwenye bomba: ukitaka maji unafungua, ukimaliza unafunga. Nikalitoa lile jiwe. Maji yakageuka yote kuja kwangu, baridi, mazuri. Nikafua kanzu, nikafua na mtandio wangu, nikaosha na nywele. Hata wimbo niliimba. Ule mkono ulikuwa unakwenda kwenye konde lililohamwa, lina mawe na miba, nami sikutazama yanakokwenda.

Aliyenikuta ni arifu, mzee anayegawa maji ya kijiji. Saa yake ilikuwa kijiti alichokichomeka ardhini; kivuli kikifika alama, zamu inahama kwa mwengine. Hakunigombeza. Alilirudisha jiwe mahali pake, akatazama kivuli, akanitazama na mimi. Akasema polepole ili nielewe: zamu niliyoipoteza ilikuwa ya yule bibi. Zamu yake nyengine ni baada ya siku tisa, na makomamanga yake ndio kwanza yanajaa.

Masikio yaliniwaka. Mkate wake nilikuwa bado ninao tumboni.

Adhuhuri wakakaa barazani. Mimi nikawekwa karibu na mlango, pembeni ya bibi, ambaye badala ya kuninunia alikuwa amenishika mkono. Arifu akaeleza yaliyotokea, kisha akataja desturi yao: aliyempotezea mwenziwe maji humpa yake. Kama hana maji yake, hutoa baba yake.

"Haki yenu," baba akasema. "Na maji yakimwagika hayazoleki. Lakini mimi yangu nitayatoa wapi? Mimi hapa mgeni."

Neno alilolipandia mlima kwa kuliogopa, akalisema mwenyewe, kwa sababu yangu. Niliona mabega yake yakishuka, na nikatamani ningebaki Nizwa nikasahihisha madaftari.

Arifu akawatazama wenziwe kama mtu aliyesikia jambo la ajabu kidogo.

"Mgeni hana maji kwenye falaji hii," akasema. "Wewe unayo."

Baba alikuwa akinitafsiria sentensi kwa sentensi. Kwamba babu alipoondoka hakuiuza zamu yake. Kwamba kijiji kimeihifadhi, leo kanyweshea huyu, kesho yule, kwa ruhusa ya mwenyewe asiyekuwepo. Kwamba ilipofika barua ya msiba wa babu kutoka Unguja, jina lake likatolewa, na tangu siku ile kila zamu inapofika huitwa jina la...

Hapo akaacha kunitafsiria, akamgeukia arifu. Nilimalizia mwenyewe: la baba.

"Mbona jana hamkuniambia?" akauliza.

"Jana ulikuwa unakunywa kahawa," arifu akasema. "Na mtu hapewi habari ya kitu chake. Sisi tulidhani unajua."

Zamu ya baba ilikuwa kesho yake asubuhi. Tulikwenda mapema mno, baba hakutaka kuchelewa. Arifu alikuwa amesimama karibu na kijiti chake, akitazama kivuli na kuita wenye maji mmoja mmoja, kwa sauti kavu ya mtu aliyeifanya kazi hiyo maisha yake yote. Kivuli kikafika. Akaita jina la baba, na la baba yake, na la babu yake, huku akitazama makondeni kwa mazoea, kama siku zote alipotaka kuona nani atakayeyachukua.

"Naam," baba akaitika.

Aliitika kama mtoto aliyeitwa na mzee wake kutoka chumba cha pili. Arifu akageuka. Miaka yote aliyoliita jina lile, lilikuwa halijapata kuitikiwa. Akasogea pembeni kumpisha, na baba akaingia mferejini, akainama juu ya magoti yake mabovu, akayafungulia maji yake kuelekea mikomamanga ya bibi.