Kartushi Isiyo na Baruti

Juzi nilipita mtaa wa Birere, hapa Goma, nikamkuta fundi wa sufuria akiyeyusha madini ya risasi. Nikasimama kunusa ule moshi. Nilirudi utotoni, ndugu yangu, miaka ile ya hamsini, jikoni kwetu.

Papa, baba yangu, alikuwa mwindaji wa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa. Alipewa bunduki kuukuu, ile ya kuvuta mkono wa chuma chini ili kartushi nyingine, yaani ganda na risasi yake, ipande. Madukani kartushi zake zilikwisha, basi papa aliyeyusha risasi kwenye kikaango kwa nta ya nyuki, akaimimina katika kalibu. Mama ndiye aliyejaza maganda: kijiko cha baruti, kisha sasi, ile risasi ya kalibu, juu, anakandamiza. Sisi watoto hatukuthubutu hata kupiga chafya.

Mchana mmoja jirani aliingia bila hodi. Mbogo alikuwa amemjeruhi mtu shambani, huko Munigi. Mama akageuka kumsikiliza, kijiko na ganda mikononi, kisha akaendelea kujaza. Papa akazibeba kartushi, akaondoka.

Mama alikuwa anapangusa meza aliposimama ghafla.

“Ile yenye nilikuwa nayo mukononi wakati jirani aliingia,” akasema polepole, “niliitia baruti?”

Alinishika mkono tukakimbia kumfuata papa, peku juu ya mawe ya volkano. Nilijua kwa nini. Papa alitwambia kuwa ganda lisilo na baruti husukuma sasi kwa fataki ya kitako tu, ikakwama nusu ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake, bunduki inakupasukia usoni.

Karibu na Munigi tukasikia mlio. Kisha kimya. Kucha za mama ziliingia kwenye ngozi yangu. Nilitamani mlio wa pili, na huohuo niliuogopa.

Papa akatokea njiani, bunduki begani, midomo imekauka.

“Ya kwanza ilimupata mbogo, lakini akanikujia,” akasema. “Ya pili ikakohoa tu. Nilikuwa nimeshavuta chuma, kidole tayari. Nikaacha, nikapanda muti. Akaanguka chini yangu.”

“Papa ya watoto, ni mimi.”

“Najua. Twende nyumbani.”

Mama alilia njia nzima.

Nyumba ile ilimezwa na lava. Papa na mama walishakufa, na mashamba ya maharage ya wakati ule yamejaa nyumba na pikipiki. Siku hizi Goma milio ya bunduki ni mingi. Kila nikisikia mmoja nasimama, naangalia njia, nangoja kuona nani atatokea.