Ukuta wa Sebuleni Kiirua

Mama alinipigia simu nikiwa kazini Embu, nafunga dari la ofisi moja.

"Njoo na vyombo vyako," alisema. "Utugawie nyumba."

Mimi ni fundi wa bodi za jipsamu, zile za dari na kuta za ndani. Nilifika Kiirua Jumamosi asubuhi. Wazazi wangu walikuwa hawajasemezana tangu mavuno ya viazi. Sababu sikuambiwa, na siku hiyo sikuuliza. Mama alikuwa ameshachora mstari wa chaki katikati ya sebule. Mlango wa mbele ulibaki upande wa baba, wa jikoni upande wa mama.

Niliposimamisha fremu ya chuma, baba alikuja akasimama karibu.

"Nikusaidie nini?"

Nikampa kinyanyulio, kile kipande cha chuma kinachoingizwa chini ya bodi. Ukikanyaga nyuma, mbele kunainuka. Akakanyaga polepole. Bodi ikapanda kidogo, ikagusa dari, nikaifunga kwa skrubu.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, baba."

Tukaendelea hivyo, bodi baada ya bodi. Nilipima kwa rula ndefu, nikakata karatasi ya juu kwa kisu, kisha nikavunja bodi kwa goti. Nilidhani nitasikia uchungu. Nilichosikia ni vumbi kooni.

Saa nne mama alileta chai. Alinipa vikombe viwili.

"Hiki mpe."

Baba alikuwa hatua mbili kutoka pale alipokuwa mama. Nikampa.

"Mwambie asante," baba akasema.

Nikamwambia.

Ilipobaki bodi ya mwisho, niliuliza kama niache nafasi ya mlango. Baba aliangalia kiatu chake kilichokuwa bado juu ya kile chuma.

"Muulize mama yako."

"Funga," mama akasema kutoka upande wa pili.

Baba akakanyaga. Nikafunga.

Jumapili nilijaza lipu kwenye viungo vya bodi kwa skrepa, Jumatatu nikavipiga msasa, nikarudi Embu kumalizia dari la watu.

Wanaishi hivyo hadi leo. Nikienda nyumbani nasalimia upande mmoja, kisha nazunguka nje kwenda wa pili. Dada yangu hajanisamehe.

"Wewe ndiye uliyepaswa kukataa," aliniambia. "Wangemtafuta fundi mwingine."

Nilimwambia ukuta umenyooka, na viungo havijapasuka hata kimoja.