Zulia la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alilinunua zulia lile mwaka ambao alizeti yake ilikubali sana kule Masakta. Alipofariki, mume wangu alilikunja, akalifunga kamba, akalipandisha juu ya basi mpaka Tlawi, tulikokuwa tumepanga. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga kwenye joto, na baridi ya Tlawi sijaizoea hadi leo. Zulia lilijaza sebule yote, likaingia hata chini ya kabati la vyombo. Lilikuwa jekundu, zito, na sikuliamini tangu siku lilipoingia.

Binti yetu mdogo alikuwa akikohoa. Kila nikimsikia, macho yangu yanakwenda kwenye zulia. Nililifagia, nikalisugua kwa brashi na sabuni, vumbi likapaa na kutua palepale. Jioni moja nikamwambia mume wangu, ambaye ni mwalimu, kwamba afadhali tulitoe. Asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu, akasema kwa upole kwamba kabla ya kulitoa tujaribu kwanza kulisafisha vizuri. Nilimwelewa. Alidhani natafuta sababu ya kumtoa mama yake ndani ya nyumba.

Ndipo nilipoanza kutafuta mashine ya kusafishia mazulia. Kwenye simu nilitazama video nyingi, na katika zote mazulia yalitoka yameng'aa bila hata doa moja, jambo lililonitia shaka zaidi. Mashine ya kufyonza vumbi peke yake niliiacha, kwa sababu matope ya kwetu yakishakauka kwenye nyuzi hayafyonzeki. Ya mvuke niliiogopa, isije ikachujisha rangi. Ikabaki ile yenye matangi mawili: moja la maji safi yenye sabuni, ambayo mashine inayanyunyiza, na la pili la maji machafu, ambayo inayavuta kurudi.

Nilipoitwa semina Babati nilibeba zulia dogo la mlangoni kwetu ndani ya kiroba. Baada ya semina nikaenda kwenye duka la mashine. Muuzaji alikuwa ameshatandika kipande chake cha kuonyeshea wateja, kimemwagiwa kitu cheusi. Nikamwambia hicho sikitaki, asafishe zulia langu. Akakifungua kiroba, akatazama.

"Dada, hili umelitoa wapi?"

"Mlangoni kwangu. Na kabla hujaanza, nifungulie matangi yote mawili niyaone."

Akayafungua. Nikachungulia, kisha nikanusa mpira wa kuvutia maji. Ulinuka mbwa. Nikamuuliza mashine mpya inanukaje mbwa, naye akakiri kwamba ilitumika kidogo huko nje ya nchi kabla ya kuletwa. Wengine wangeondoka hapo. Mimi nilibaki, maana hilo lilikuwa neno la kwanza la mtu yule nililoweza kulithibitisha kwa pua yangu. Akawasha. Maji yaliyorudi yalikuwa rangi ya matope yetu kabisa, na zulia dogo nilipolikandamiza kwa kiganja lilikuwa na unyevu tu, halitiririki. Nikainunua.

Jumamosi nilianza kazi nyumbani. Mume wangu alivuta kiti, akakaa mlangoni mikono kifuani, kama anasimamia mtihani. Nilipitisha mashine polepole, nikinyunyiza nikienda na kuvuta nikirudi, halafu nikapita mara nyingine bila maji ili kuvuta yaliyobaki. Tangi la maji machafu likajaa maji meusi yenye wekundu kwa mbali. Nilimwonyesha kwa furaha. Akachovya leso yake nyeupe ndani, akaitazama kwenye mwanga.

"Hii ni rangi ya zulia, mama. Unaliua."

Sikubishana. Nilichukua kitambaa cha kuchujia maziwa, nikachuja maji yale mbele yake. Juu ya kitambaa likabaki tope zito, nyuzi na nywele. Akalishika tope kwa vidole, akalisugua, kisha akarudisha kiti mezani. Nilijua hajaridhika.

Siku chache baadaye sebule ikaanza kunuka uvundo, na kikohozi cha mtoto kikazidi. Sasa ilikuwa zamu yangu kuishuku mashine. Nilihesabu kwamba imemwaga maji mengi kuliko yale iliyoyavuta, au sabuni ile haimfai mtoto. Mume wangu yeye alinishuku mimi. Aliuliza tena na tena, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama nina hakika sikuongeza maji kwa makusudi. Swali lile liliniuma.

"Tulikunje tuone chini," nikamwambia.

Tulishika kila mtu upande wake, tukalikunja. Mgongo wa zulia ulikuwa na madoa meusi ya ukungu, na sakafu ya saruji chini yake imelowa. Akanitazama.

"Unaona ulichofanya?"

Nikamwomba anisaidie kusogeza kabati. Lilikuwa zito, tukalazimika kutoa vyombo kwanza, tukivipanga mezani. Chini ya kabati mashine haikuwa imefika hata mara moja. Sehemu ile ya zulia bado ilikuwa na vumbi juu, kavu. Tulipoigeuza, tukakuta madoa yaleyale meusi, mengine ya zamani mpaka yameanza kula nyuzi, na sakafu imelowa vilevile. Maji yalikuwa yanapanda kutoka ardhini. Juu nililisafisha, lakini mgongo ulikuwa umeoza taratibu tangu tulitandike.

Mume wangu alichuchumaa hapo kwa muda mrefu, akipapasa saruji kwa kiganja. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Nilifikiri unamchukia mama."

Nilimwambia mama yake nilimpenda. Zulia ndilo sikulipenda.

Tulilianika juani kwenye ua, mgongo juu, tukalipiga kwa brashi kavu tukiwa tumejifunga vitambaa puani. Likizo ilipofika tulilirudisha Masakta, ambako nyumba ya baba yake ina sakafu kavu. Nilimsalimu mzee shikamoo, naye alipoitikia akainama kulinusa zulia, akauliza limeoshwa na nini. Nilipomweleza habari za mashine alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akalitandika upande wa pili wa chumba, mbali na kitanda chake.

Sisi tunakaa na sakafu tupu, ambayo mwenye nyumba anaahidi kuitengeneza. Kikohozi cha mtoto kimepungua, ingawa hakijaisha, na usiku wa baridi bado naamka kumsikiliza. Mashine naitumia kwenye makochi. Majirani wanakuja kuiazima, na kila mmoja, kabla ya kuibeba, ananiomba nimfungulie matangi.