Mstari Mwekundu wa Ghalani

Jumatatu, tarehe kumi na saba, saa tatu kasorobo asubuhi. Ukuta wa katoni za misumari unaguna ghalani kama mzee anayetafuta pa kuketi. Katoni za chini zinapasuka. Za juu zinamwangukia Shemeji.

Tangu siku hiyo Mizani hapangi tena mizigo. Amepewa ufagio.

Mizani ni jina la utani. Kwa miaka kumi na tisa amepokea misumari, skrubu na bolti kutoka kwenye malori, na akiinua katoni anakutajia kilo zake bila kukosea. Shemeji ni mdogo wa mkewe. Mizani ndiye aliyemwombea kazi.

"Misumari inadanganya macho," anasema, akiokota mmoja uliopinda. "Katoni kama ya viatu, kumbe kilo ishirini na tano! Ukizirundika kama magodoro, ya chini inachoka. Na mvua zikianza, boksi linakunywa unyevu."

Ndiyo maana alipiga mstari mwekundu kwenye nguzo, usawa wa kifua. Misumari haikupita hapo.

Wiki mbili kabla ya ajali, nguzo zote zikapakwa rangi nyeupe. Wageni wa makao makuu walikuwa njiani, na wakubwa ndivyo walivyo: wakisikia mgeni, wanapaka rangi. Likafuata agizo: pangeni mpaka darini, nafasi haitoshi.

"Nikamwambia msimamizi, bosi, hapa tutazikana. Akacheka. 'Mzee, siku hizi umekuwa mganga?'"

Shemeji amekatwa mguu juu ya goti.

Kisha kampuni ikaleta karatasi. Mizani akikiri kwamba alipanga vibaya kwa kutaka kwake, atabaki kazini, na Shemeji hatapata fidia. Asipokiri, hata ufagio watamnyang'anya.

"Shemeji ananiambia, 'Tia sahihi, kaka, watoto wapate kula.' Mke wangu naye, 'Ukitia, usirudi hapa.' Sasa nikalale wapi mimi, kwenye katoni?"

Anacheka peke yake, kisha anaacha.

Jana aliikwangua nguzo kwa ncha ya msumari. Chini ya weupe, wekundu upo palepale. Anataka mkaguzi yeyote atakayekuja auone kabla hawajapaka tena.

Karatasi ameirudisha ofisini. Penye nafasi ya sahihi ameandika swali kwa penseli, herufi kubwa kubwa. Wiki ya tatu hii, linapita meza hadi meza:

"Nani alisema mstari ufutwe?"