Mtoto wa Mtaa Mzima

Jumamosi iliyopita nilitoka shifti kule Shakopee, sijalala, nika-drive moja kwa moja hadi Oakdale kumwambia mama aiache nyumba yake. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, nauliza mwenyewe, najijibu mwenyewe kwa sauti yake. Magoti yake hayataki ngazi tena. Theluji ikianza, ni nani atakayemwondolea mlangoni? Mimi kwangu ni mbali, na kazi ya ghala haina huruma, ukichelewa umechelewa. Basi nikaingia nimejikaza kwa ugomvi, nikamkuta jikoni anamimina switi kwenye lile bakuli lake kubwa la kukandia unga wa chapati.

"Za nani hizo?" nikamuuliza.

"Za watoto. Si leo ndiyo ile siku yao?"

"Watoto gani, Mama?"

Akajifanya hajasikia. Akalibeba bakuli polepole, mkono mmoja ukishika ukuta, akaliweka karibu na mlango, kisha akaketi mahali anapoweza kuona barabara. Nami nikaketi, koti langu bado mwilini, hotuba yangu sijaianza.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, rafiki yangu, uone kwa nini.

Tulipofika nchi hii tulikaa Phillips, mtaa wa mjini, kwenye jengo la ghorofa ambalo kila mlango ulikuwa na watoto. Wasomali, Wameksiko, sisi Wakenya, sote tukishuka ngazi kwa kishindo mpaka mwenye jengo akabandika matangazo ya kutunyamazisha. Ngazi zilinuka vitunguu na sabuni ya kufulia. Baba alirudi zake Kenya nikiwa bado mdogo, na mama, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, akawa anapiga shifti mbili bila kulalamika. Alidunduliza hadi akapata nyumba ndogo Oakdale, yenye garaji na mti wa tufaha nyuma. Aliimba pambio siku nzima tukihama. Aliona ametuvusha Yordani.

Lakini ukimya wa mtaa ule, jameni! Nilitoka nje na mpira wangu kutafuta wenzangu, nikazunguka nyumba zote, nikarudi. Hapakuwa na mtoto. Palikuwa na mzee aliyepandisha bendera kila asubuhi na kuishusha kila jioni. Palikuwa na mwalimu mstaafu aliyekuwa akisahihisha gazeti kwa kalamu nyekundu. Palikuwa na mama wa paka, ambaye televisheni yake ilisikika hadi kwetu. Watoto wao walikuwa wamekua na kwenda Texas, California na Arizona, na vyumba vyao vilibaki vimetandikwa vile vile. Basi la shule lilikata kona kuingia mtaa ule kwa ajili yangu mimi tu, na dereva hakuacha kunikumbusha.

Hivyo nikawa mtoto wa mtaa mzima, nipende nisipende. Niliokota magazeti barazani, nikafungua mitungi ya achari iliyowashinda, nikapanda viti kubadilisha balbu. Majira ya baridi nilijua sauti ya koleo la kila nyumba na nani anapumua vibaya. Nikirudi nyumbani mama alikuwa amepika sukuma na ugali, nami mfuko umejaa biskuti za mdalasini nilizolipwa. Nikilalamika kwamba nimechoka, aliniambia, "Hata mimi nilitumwa na kila mama kijijini. Unafikiri mtoto ni wa mtu mmoja?" Mimi nilimjibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa huku, naye akaendelea na Kiswahili chake kama vile sijasema kitu.

Sasa, Halowini. Unaijua ile siku ya mwisho wa Oktoba, watoto wanavaa vinyago, wanagonga mlango kwa mlango wakiomba switi. Kanisani kwetu mchungaji aliihubiri kwa jasho: mifupa, mapepo, majeneza barazani, Shetani ashindwe! Mama aliitikia amina kuliko wote. Mwaka wetu wa kwanza Oakdale tulizima taa, tukala chakula gizani, tukaenda kulala. Asubuhi yule mwalimu mstaafu akagonga, akiwa na mfuko wa switi mkononi, kuuliza kama mtoto anaumwa. Alikuwa amengoja. Wote walikuwa wamengoja. Walinunua switi za watoto wa mtaa, na mtaa ulikuwa na mtoto mmoja, na mtoto mwenyewe hakutokea.

Mwalimu alipoondoka, mama akajipiga paja, akaniita mami, kama alivyozoea kumwita binti yake. "Woi! Mtu amekuandalia, amevaa vizuri, amekaa mlangoni anakungoja, na wewe umezima taa umejificha? Mami, hiyo ndiyo dhambi. Shetani nitaongea naye mwenyewe."

Kuanzia mwaka uliofuata nikawa natoka, ila kwa sharti moja: ni watu wa Biblia tu. Mwaka mmoja nilikuwa Ruthu na masuke ya nyasi kavu, mwaka mwingine Daudi na manati. Wazee hawakujua mimi ni nani. Walisema "Oo, wewe ni mwizi wa baharini!" nami nikawaambia hapana, mimi ni Daudi, nikaingizwa ndani kupigwa picha na kupewa switi za watoto arobaini. Meno yangu yaliteseka, usiniulize.

Katika nyumba ya ng'ambo ya barabara alikaa mama mmoja mjane, mdogo wa umbo, mwenye sweta la kijani lililofumuka viwiko. Mama alinifundisha kumwita shosho, kama tulivyomwita nyanya yangu kule Nyeri, naye akalipenda jina hilo, akawa analitumia hata kwenye simu. Ndiye aliyeniokea zile biskuti. Siku moja ya Oktoba alikuja jikoni kwetu, akapewa chai ya tangawizi, akaanza kulia kabla hajainywa. Mwanawe wa Arizona anakuja. Anataka nyumba iuzwe na yeye apelekwe mahali pa wazee, maana anasema mtaa umebaki makaburi, akianguka hakuna wa kujua. Shosho alikuwa amembishia kwa simu. Alimwambia mtaa umejaa watu. Alimwambia watoto wanacheza nje kila siku, na akija Halowini atawaona mwenyewe wakigonga.

"Watoto gani?" mama akamuuliza, na shosho akanitazama mimi.

Mama hakucheka. Baadaye shosho alipokwenda zake, mama aliniambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia. "Mimi nawapokea pale kazini, mami. Wakiletwa mara ya kwanza wanauliza, nyumbani nitarudi lini? Baadaye hawaulizi tena. Huyu mimi simpokei." Kisha akainuka kutafuta shuka kuukuu. "Mungu atanisamehe. Wewe mwaka huu utakuwa watoto."

Basi jioni ile, saa ya giza la kwanza, nikavuka barabara nikiwa malaika, mabawa ya katoni yamefungwa karatasi ya jikoni inayong'aa. Akafungua mwanawe shosho, mtu mrefu mwenye mikono mikubwa na macho ya usingizi. Akacheka, akanipa switi. Nikazunguka nyuma ya garaji yao, ambako mama alikuwa amejibanza na begi la nguo, pini mdomoni, akiomba kwa chini chini, "Bwana nisamehe, Bwana mfumbe macho." Nikarudi nikiwa mchungaji wa kondoo, kikoi kichwani na mpini wa deki mkononi. Nikarudi tena nikiwa Malkia Esta, kwa gauni la mama la Pasaka, nikiburuta pindo kwenye majani. Kila nikigonga nilimsikia shosho kwenye kiti chake ndani akipiga makofi. "Mwingine tena! Si nilikwambia?"

Yohana Mbatizaji ndiye aliyetuponza. Mama alikuwa amenifunga zulia la bafuni, lile la manyoya ya kahawia, kwa mkanda wake wa kazini. Nilipoinua mkono kugonga, zulia likaanza kuteleza. Yule bwana akafungua, akanikuta nimelishika kiunoni kwa mikono miwili, meno yanagongana kwa baridi. Hakucheka. Alitazama buti zangu za zambarau, moja haina kifungo, zile zile za malaika na za Esta, akazitazama sana. Nilijua tumekwisha. Nilimwona shosho kwa nyuma, ameinua shingo, uso wake umejaa furaha kama wa msichana, na nikaogopa, wacha tu, sijawahi kuogopa hivyo.

Yule bwana akainama, akatia switi mfukoni mwangu, akaninong'oneza, "Mwambie huyo anayekuvisha aingie ndani. Atakufa na baridi huko nje."

Akageuka akamwambia mamake kwa sauti, "Kweli, Mama. Watoto ni wengi mtaa huu."

Mama aliingia akiwa na pini bado mdomoni. Walikunywa kahawa, yule bwana na mama, wakaongea taratibu huku shosho akinionyesha picha za mwanawe akiwa mdogo. Sikusikia walichokubaliana. Najua tu kwamba alirudi Arizona peke yake, na kuanzia siku hiyo kazi yangu ya asubuhi, kabla ya basi, ilikuwa kutazama kama pazia la shosho limefunguliwa. Nilitazama hadi nikawa mrefu kuliko mama. Na kila Oktoba nilivaa, ndiyo, hata nikiwa na leseni ya gari, jitu zima likiitwa Musa kwa shuka lile lile, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kunipokea zamu.

Shosho alianguka jikoni mwake majira ya baridi niliyokuwa chuoni. Mama ndiye aliyeliona pazia halijafunguliwa. Walimpeleka kule kule alikokataa, kazini kwa mama, na mama akaomba abadilishiwe zamu ili amwogeshe yeye mwenyewe, mpaka mwisho. Wengine nao wakaondoka mmoja mmoja. Ambulensi inakuja bila king'ora, kisha linakuja kontena kubwa la takataka, na watu usiowajua wanatupa viti ulivyovikalia. Mwenye bendera, mwalimu, mama wa paka. Nyumba mbili hazina mtu. Nyingine zimenunuliwa na watu wenye mvi kama waliotoka, wanaotaka mahali patulivu. Shule yangu ilifungwa kwa kukosa wanafunzi. Sasa wanakodisha vitanda vya wagonjwa pale tulipokuwa tunaimba. Mimi mwenyewe sina mtoto. Kwanza ilikuwa kusoma, kisha kazi, kisha yule niliyedhani tutazaa naye akaenda, na miaka nayo haikai kumngoja mtu. Mama aliacha kuniuliza siku nyingi, na kunyamaza kwake kunaniuma kuliko maswali.

Basi tulikaa hivyo Jumamosi, mimi na yeye. Giza likaingia. Gari moja likapita, halikusimama. Aliniuliza kama nimekula, nikasema nimekula, sikuwa nimekula. Nikaanza kutafuta neno la kwanza la hotuba yangu.

Akanitangulia. "Yule kijana wa shosho," akasema, "unajua nilimchukia kabla sijamwona? Nilisema hana moyo, anataka kumtupa mamake. Ile siku nimeingia na baridi yangu, nikamtazama vizuri. Alikuwa amechoka tu. Amechoka vibaya, kama wewe sasa."

"Mimi sijachoka, Mama."

"Acha uongo. Umekuja kunichukua."

Nikasema ndiyo.

Nikajikaza. Nilikuwa na majibu yote: ngazi, theluji, chumba nilichomtengenezea, kanisa la Wakenya lililo karibu na kwangu.

"Haya," akasema. "Nipe hadi wiki ijayo, niagane na watu wa kanisa. Viungo vyangu usisahau, na zile sufuria."

Hivyo tu, rafiki yangu. Haya. Mama aliyebishana na mwenye jengo Phillips, na mchungaji, na Shetani mwenyewe, kwangu hakubisha. Nikasema asante, nikaenda bafuni, nikafungua maji ili asinisikie nikilia. Nilitoka Shakopee nikiomba akubali, na alipokubali nikagundua kwamba nilitaka akatae. Nilitaka anifokee, aseme yeye si meza ya kuhamishwa, nirudi kwangu nikinung'unika, na nyumba ibaki na mtu ndani yake. Wale wote walionifungulia mlango, wakanipiga picha, wakaniita mwizi wa baharini, hakuna aliyebaki. Mama akishatoka, katika mtaa ule hapatakuwa na mtu hata mmoja wa kusema kwamba niliwahi kuwa mtoto.