Ukiachwa na Meli

Kwa miaka kumi na mmoja Dada hakuwahi kumfanya mtu akose meli. Bandarini walimwita Bi Saa, naye hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kuwapangia matembezi abiria wa meli za watalii wasiotaka kutembezwa kwa makundi, wale wanaosema hawakulipa nauli yote ile waje kufuata kibendera cha mtu kama kondoo. Wengi walikuja kutafuta asili yao. Babu alizaliwa hapa, bibi alizikwa hapa, nyumba ilikuwa mtaa wenye duka la mikate. Meli inaingia asubuhi, inatoka jioni. Ukitoka na kundi la meli mkachelewa, nahodha atawangoja. Ukitoka na Dada, nahodha hakujui.

Ndiyo maana alikuwa mkali. Hakumpeleka mteja mahali kabla hajakwenda yeye mwenyewe wiki moja nyuma, siku ileile ya wiki, saa mkononi. Alikuwa akisema barabara ya Jumatatu si barabara ya Alhamisi. Atabisha hodi kila mlango, atauliza choo kiko wapi, mbwa hufungwa au la. Akirudi anaandika karatasi, kila jambo na dakika yake, na mteja awe getini muda wa saa mbili kabla ngazi ya meli haijapandishwa. Chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, huandika: Ukiachwa na meli, utalala nyumbani kwangu. Hakuna aliyewahi kulala kwetu. Mimi, mdogo wake na dereva wa gari letu la viti saba, nilimtania kwamba anaahidi watu kitanda kwa kuwa anajua hawatakihitaji.

Kitanda chenyewe kilikuwepo. Nyumba yetu ina vyumba vinne, na sisi tumekulia katika vitatu. Kile cha mbele, chenye madirisha mawili na upepo mzuri, kiliitwa chumba cha mgeni. Babu yetu mzaa mama, aliyekuwa fundi cherehani, aliagiza kisilaliwe na mtu. Kilifagiwa kila wiki, shuka zikabadilishwa kila mwezi, godoro likaanikwa. Mimi nimelala ukumbini mpaka nikaota ndevu. Dada ndoa yake ilipovunjika alirudi akabanana na mama kitanda kimoja, na chumba kikabaki kitupu, kinanukia sabuni. Ukimuuliza Babu huyo mgeni ni nani, anakata uzi kwa meno na kusema, "Atakuja." Alikufa na jibu hilohilo. Utotoni tulitaniana kwamba ni jini. Ukubwani tuliacha utani huo, sijui kwa nini.

Barua pepe ilifika mchana, nikiwa ofisini kwa Dada nabadilisha balbu. Ofisi yenyewe ni kichumba kando ya duka la kutoa nakala: meza, viti viwili, kalenda ya meli, na saa ya ukutani aliyoisogeza mbele dakika kumi kwa makusudi. Alianza kunisomea kwa sauti, halafu akaacha, nikashuka kwenye kiti nikasoma mwenyewe.

Aliyeandika alikuwa mzee wa miaka zaidi ya sabini, na Kiswahili chake kilikuwa cha baba yake, cha zamani kidogo. Baba huyo alikuwa na duka la vitambaa hapa mjini. Mwaka wa ghasia aliingizwa melini na mke wake mja mzito, na nguo walizovaa tu. "Ufunguo wa nyumba," aliandika, "baba alimwachia fundi cherehani aliyekuwa amepanga chumba cha uani. Mimi ndiye niliyekuwa tumboni. Hati ya nyumba ninayo. Napenda kuiona kabla sijafa, na kuna jambo nataka kulimaliza na watu waliomo." Meli yake ingekaa siku moja, Alhamisi, mpaka saa kumi na moja jioni.

Aliambatisha picha. Ngazi za mbele, vipandio saba. Madirisha mawili. Pembeni, tangi la maji la chuma juu ya miguu minne, limebonyea ubavuni. Ubavu ule nimeuegemea maisha yangu yote.

"Hii ni kwetu," nikasema.

"Nyamaza."

"Dada, hili tangi..."

"Nimekwambia nyamaza. Nina macho."

Babu alituambia nyumba aliinunua. Hatukuwahi kuona karatasi, na nani anamdai babu yake karatasi? Mama ana miaka themanini na mmoja. Hana nyumba nyingine, wala sisi hatuna. Mtu mwenye hati na wakili mzuri angeweza kumtoa nje na mkeka wake.

Jioni tulimwambia mama. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Anakuja lini?"

"Haji hapa, mama," Dada akasema. "Nitampeleka kwingine."

"Godoro lianikwe. Juzi lilikuwa na unyevu."

"Mama, hunisikii?"

"Nakusikia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo tulivyolelewa."

"Huyu anakuja na hati mkononi. Mwenyeji hatapona!"

Mama akapeta mchele wake. Kesho yake nilikuta godoro limeegemezwa kwenye tangi, juani, na mama amekaa kando yake kwenye kigoda kama anayelilinda.

Kilomita arobaini na saba kutoka mjini kuna mji mdogo wa reli. Dada alikumbuka kuona pale nyumba ya zamani yenye ngazi mbele, akamjibu mzee kwamba ndiyo ya pichani. Akaandika karatasi: saa nne na nusu kuondoka, saa sita kasorobo kufika, chakula, saa saba na nusu kurudi, kabla ya saa tisa getini. Nilimuuliza kama tunakwenda kupima njia Alhamisi ya wiki moja kabla, kama kawaida.

"Nikabishe hodi niseme nini?" akanijibu kwa hasira. "Niwaambie watu, samahani, nakuja kuazima nyumba yenu nimdanganyie mzee? Barabara ni ya lami. Utaendesha tu."

Wahenga wamesema njia ya mwongo ni fupi, nami nikajicheka moyoni kwamba yetu angalau ina kilomita arobaini na saba. Dereva anayejua kwamba anakopeleka gari siko, naye ni mwongo. Sijifichi nyuma ya usukani.

Alhamisi mzee alishuka na fimbo, kofia ya kitambaa na mkoba mdogo begani. Nikamwamkia. Akaitikia vizuri, akaniita kijana, mimi mwenye miaka arobaini na miwili. Njiani alitusimulia mambo ya baba yake: alikuwa mtani, alichukia vitunguu, na kila siku, kule ugenini, aliwatembeza watoto wake ndani ya nyumba ile kwa mdomo tu. Ukiingia, kushoto ni chumba cha mbele. Ukitoka uani, cherehani inalia. Dada alikuwa anatazama nje. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho na kiyoyozi kinafanya kazi.

Nyumba ya mji wa reli ilikuwa na vipandio vitano. Mzee alivihesabu kwa fimbo, taratibu, kisha akavihesabu tena.

"Picha ina saba."

"Walijaza kifusi chini, Mzee," Dada akasema. "Barabara ilipopandishwa."

"Na tangi?"

Mwanamke wa nyumba ile alikuwa mlangoni, amebeba beseni la nguo, anatushangaa. Yeye ndiye aliyejibu. "Tangi gani? Hapa hatujawahi kuwa na tangi, baba. Nyumba hii ameijenga mume wangu. Mnatafuta ya nani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee alimshukuru yule mama kwa adabu, akamtakia kazi njema. Hakupiga picha hata moja. Akageuka akamtazama Dada kwa muda, bila ukali, macho yakiwa yamechoka ghafla.

"Turudi, binti," akasema.

Kwenye chakula hakula. Tulipoingia garini alikaa mbele, kando yangu.

"Kijana, ninyi mnakaa wapi?"

"Mjini, Mzee."

"Mjini karibu na nini?"

"Karibu na... soko."

"Baba alikuwa akilisikia soko akiwa kitandani," akasema.

Dakika kumi baadaye tukafika panapokatiza reli, na treni ya mizigo ilikuwa imesimama katikati ya barabara. Mabehewa kushoto hayana mwisho, kulia hayana mwisho. Watu walikuwa wanashusha saruji, mfuko mmoja mmoja, bila haraka. Dada akashuka mbio kwenda kwa mwanamke aliyekuwa anauza maji.

"Itaondoka saa ngapi?"

"Mpaka wamalize. Kila Alhamisi ndiyo hivyo. Ninyi wageni?"

Kila Alhamisi. Dada alisimama pale na chupa ya maji ambayo hakuiomba, nikaona midomo yake inarudia neno hilo. Vijana walikuwa wanatambaa chini ya mabehewa na kutokea upande wa pili. Akarudi akamwambia mzee kwamba ng'ambo pangepatikana pikipiki. Mzee akatazama magoti yake, akatazama magurudumu ya chuma.

"Mimi sitambai, binti. Nitangoja na wewe."

Tulingoja saa mbili na dakika ishirini na tano. Vumbi la saruji lilitulia juu ya kioo mpaka likafunga, na kila nilipolifuta mzee alikuwa palepale, mikono juu ya fimbo, anatazama mbele. Saa mkononi mwa Dada nilikuwa naisikia kutoka kiti cha nyuma. Pengine ni akili yangu tu.

Tulifika getini saa kumi na moja na robo. Meli ilikuwa imekwisha kugeuka, taa zake zinawashwa moja baada ya nyingine. Mlinzi alimtazama Bi Saa, akatazama saa yake. Bandari inayofuata ni mwendo wa siku nzima kwa barabara. Mzee angeweza kuipata meli yake huko keshokutwa. Pasipoti alikuwa nayo. Dada alianza kumweleza haraka haraka kuhusu hoteli moja safi, karibu, ina lifti, yeye atalipa.

Mzee akafungua mkoba, akatoa karatasi ya Dada, akaikunjua, akaweka kidole chini kabisa kwenye wino mwekundu.

"Hapa imeandikwa kwako."

Niliendesha pole kuliko siku zote. Jua lilikuwa linazama, mtaa umejaa watu wanaotoka sokoni. Nikasimamisha gari nje ya nyumba yetu na kuzima injini, na hakuna aliyefungua mlango. Mzee alilitazama tangi. Kisha akashuka mwenyewe, akakataa mkono wangu, akaanza kupanda. Kimoja, viwili, vitatu, vinne. Kipandio cha tano kwetu kimelegea tangu kabla sijazaliwa, sote hukiruka, na mgeni yeyote hujikwaa hapo. Mzee aliinua fimbo akaiweka juu ya cha sita, akakiruka cha tano bila hata kukitazama.

Dada akashika mlango wa gari, akalia kwa sauti.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amevaa kanga yake safi. Hakuuliza jina.

"Karibu, kaka," akasema. "Umechelewa, lakini karibu. Chumba chako kiko tayari."

Mzee aliingia, akageukia kushoto. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akapapasa shuka, akanusa kiganja. Sisi tukasimama kizingitini. Miaka yote ile hakuna kati yetu aliyezoea kuingia mle. Akatoa mkobani bahasha ya kaki, akaiweka magotini.

"Baba alisema fundi atanitunzia chumba. Wenzangu walimcheka. Mimi nilimwamini." Alikuwa anazungumza na mama peke yake. "Humu mna hati, na karatasi ya wakili niliyokwisha kuitia sahihi. Nyumba iwe ya wajukuu wa fundi. Ndilo jambo nililokuja kulimaliza. Sikutaka kitu. Nilitaka mtu aniambie, Mzee, ni hii hapa."

"Wangekuambia, kaka. Waliogopa."

"Nimeona." Akatazama bahasha, kisha Dada. "Siku nzima, binti. Mpaka mwenye nyumba ile akaona haya kwa niaba yako. Sasa sijui kama ninaowaachia ndio watu wale aliowasimulia baba."

Dada alipiga magoti, akaomba radhi kwa maneno yote aliyokuwa nayo. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akairudisha bahasha mkobani, akaufunga mkanda wa mkoba. Akaomba maji ya kunywa.

Asubuhi nilimkuta sebuleni amekwisha kuvaa, kitanda amekitandika mwenyewe, pembe za shuka zimenyooka. Mama alikuwa ameshika mkono wake. Dada alikuwa ameandaa karatasi mpya, basi la kumpeleka kwenye bandari inayofuata, kila kituo na dakika yake. Safari hii alikuwa amepiga simu kila mahali.

Mzee aliisoma yote.

"Ni nzuri," akasema. "Niongezee kituo kimoja, kabla ya basi. Ofisi ya ardhi hufunguliwa saa ngapi?"

Tukamtazama usoni, kama angetuonyesha ni kutoa nyumba au ni kuichukua. Hakutuonyesha. Dada anajua saa za kila ofisi katika mji huu, zinapofunguliwa na zinapofungwa. Angeweza kusema leo haifunguliwi.

"Saa mbili kamili, Mzee," akasema.

Nikaenda kuwasha gari.