Karakana Iliyonitunzia Siri

Asubuhi niliyoanza chuo, mama alinikagua kuanzia kilemba mpaka viatu kama vile napelekwa kwa wakwe, halafu akanishika bega. "Huko usimwambie mtu," alisema. "Wakikuuliza habari za ugonjwa, sema huumwi kitu."

Nilijua anachoogopa. Nina kifafa tangu nikiwa shule ya msingi. Nilipokuwa kidato cha pili nilianguka mstarini, mbele ya shule nzima, na nilipozinduka nilikuwa peke yangu mchangani. Wenzangu walikuwa wamerudi nyuma, wanatazama kwa mbali, wengine wameziba midomo kwa kola za mashati, maana watu wengi huamini kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa nawe unakipata. Mpita njia mmoja alinirekodi kwa simu kupitia uzio. Video ile ilifika kwetu Kiwalani kabla mie sijafika. Sikurudi tena shule.

Nilikaa nyumbani nikimsaidia baba. Baba ni mchonga vinyago, mtu wa kusini, na kwenye kibanda chake cha mabati ndiko nilikojifunza kuuelewa mti, upande unaokubali patasi na upande unaoikataa. Dawa za kliniki zilinituliza. Ulipopita muda mrefu sijaanguka, nikawaambia wazazi wangu nataka kusomea useremala. Mama alilia. Baba alisema tu, "Mwache aende."

Chuo kilikuwa upande wa Gongo la Mboto, chuo cha ufundi cha kawaida, majengo ya chini na karakana ndefu iliyojaa harufu ya mninga. Siku ya kwanza tulikusanywa ukumbini, na mshauri wa wanafunzi, mama wa makamo aliyetoka bara, mwenye sauti ya chini, akatusomea taratibu. Viatu vya kufunika vidole. Miwani ya kazi. Simu haziruhusiwi karakanani. Kisha akasema, "Ukinieleza habari za afya yako au za nyumbani kwenu, zinabaki kuwa zako. Hazitoki ofisini kwangu mpaka wewe mwenyewe uniruhusu, na uniambie nimpe nani."

Aliyekaa nyuma yangu akanong'ona, "Maneno ya semina hayo." Na mie niliyaona hivyohivyo. Mtaani kwetu sijawahi kuona habari ya mtu ikilala mahali pamoja.

Ila baadaye tulitembezwa karakanani na mwalimu akawasha msumeno mkubwa wa umeme. Ulipiga kelele, ukaupasua ubao mnene kama anayekata sabuni. Niliutazama, nikajitazama mikono. Nilitoka pale, nikaenda moja kwa moja kugonga mlango wa yule mshauri.

Alinisikiliza bila kuandika chochote. Nilipomaliza aliniuliza, "Ungependa nani ajue?"

"Hakuna, madam."

"Hata mwalimu wa karakana?"

"Hata yeye. Akijua yeye, watajua wote. Nitaacha chuo."

"Siwezi kukuweka mbele ya msumeno ule kama vile hujaniambia kitu," alisema. "Na siwezi kukutangaza. Nitatafuta njia. Jina lako halitatoka hapa." Sikumuuliza njia gani. Nilijiambia, ngoja, baada ya wiki watakuwa wananinyooshea vidole.

Wiki ilipita, hakuna aliyeninyooshea kidole. Kilichotokea ni kwamba mwalimu wetu, baba mmoja mrefu, mkimya, alikuja na masharti yaliyotukera sote. Msumeno mkubwa anauwasha yeye peke yake. Sie tunapokea mbao upande wa pili, nyuma ya kizuizi alichokijenga mwenyewe. Hakuna kufanya kazi peke yako, kila mtu ana mwenzake, na mwenzako akitoka kwenda msalani wewe unaweka chombo chini. Hakuna kupanda ngazi bila mtu wa kuishika. Tulinung'unika. "Vyuo vingine wanakata wenyewe, sie tunalelewa kama chekechea," wenzangu walisema, na mie nikanung'unika nao, tena kwa sauti.

Kisha alimleta muuguzi atufundishe huduma ya kwanza. Tulijifunza kufunga jeraha, kuzima moto, kumsaidia aliyenaswa na umeme. Katikati ya hayo muuguzi akafundisha namna ya kumsaidia mtu anayeanguka na kutupatupa mikono na miguu: ondoa vitu vigumu, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, usimkandamize, na akirudiwa na fahamu mwambie yuko wapi. "Na lile povu ni mate tu," alisema. "Halimwambukizi mtu." Nilitazama sakafu. Lakini alipita somo hilo upesi kama alivyopita mengine, akahamia kwenye kuumwa na nyoka, na hakuna jicho lililonigeukia.

Muhula wa pili nilishikwa na homa, nikajikaza kwenda darasani. Nilikuwa napiga msasa mguu wa kiti. Nakumbuka ile ladha ya chuma mdomoni, inayonijiaga kabla sijaanguka. Niliwahi kumwambia mwenzangu neno moja tu: "Nishike."

Fahamu ziliponirudia, nilianza kwa kusikia ukimya. Mashine zote zilikuwa zimezimwa. Nilikuwa nimelazwa ubavu, kichwa juu ya aproni zilizokunjwa, nimefunikwa khanga miguuni. Yule mwenzangu, msichana wa Chamazi mwenye maneno mengi kuliko wote darasani, alikuwa amepiga magoti karibu yangu, mkono wake begani kwangu.

"Upo karakanani, dada," alisema taratibu. "Umeanguka, imeshapita. Upo salama."

Mkono wa shati lake ulikuwa umelowa povu langu. Hakuwa amejisumbua kulifuta. Nilishindwa kuliondolea macho lile doa. Maisha yangu yote nilikuwa nimeona watu wakilikimbia, na huyu alikaa nalo kama mtu aliyemwagikiwa maji.

Nilipoinua macho zaidi, niliwaona wengine. Walikuwa wamesimama wakinizunguka, lakini wote walikuwa wamenipa mgongo. Wanafunzi wa ushonaji walikuwa wamekuja mbio kuchungulia, na darasa langu lilisimama kama ukuta, wakitazama nje. Dirishani vijana wawili walikuwa wameinua ubao mpana wa plaiwudi, wameushikilia kuziba, mikono inawatetemeka kwa uzito. Nilimsikia kiongozi wetu wa darasa akimwambia mtu huko nje, "Braza, futa hiyo video. Ifute hapahapa nikiona." Na yule mtu akaifuta.

Sikulia kwa sababu ya kuanguka. Kuanguka nimezoea. Nililia kwa sababu ya ile migongo.

Nilipumzishwa nyumbani. Niliporudi, nilimfuata mwalimu akiwa anapaka gundi, nikamwamkia.

"Marahaba. Unajisikiaje?"

"Mzima, mwalimu. Nimekuja kushukuru. Madam alikuambia habari zangu, na hukunionyesha hata siku moja kwamba unajua."

Aliweka brashi chini. "Sikuambiwa ni wewe," alisema. "Aliniambia darasani kwangu kuna mtu anaweza kuanguka wakati wowote. Nikamuuliza nani. Akasema hilo hawezi kuniambia. Nilikasirika, nikamwambia nitamlindaje mtu nisiyemjua? Akanijibu, walinde wote."

Alicheka kidogo, kicheko cha aibu.

"Basi ikabidi niwaangalie wote. Kila aliyepiga miayo nilisogea karibu. Kila aliyeshika kichwa, moyo ulinishtuka. Nilidhani ni yule kijana mwembamba. Mara nikadhani ni kiongozi wa darasa. Wewe sikukudhania kabisa, ulikuwa unalalamika kuliko wote."

"Na sasa umejua, utalegeza masharti?"

Alinishangaa. "Kwa nini? Kwani nimejua habari za wengine?"

Mpaka leo nikikumbuka jibu hilo mwili unanisisimka. Miezi yote ile mtu mmoja alikuwa akitutazama mmoja mmoja, kwa uangalifu ambao mama yangu tu ndiye aliyewahi kunipa, bila kujua ni nani kati yetu anayeuhitaji. Nilikuwa nikidhani kulindwa ni lazima kwanza ujulikane, na kujulikana ni aibu.

Mama, aliyesikia kwangu jinsi darasa zima lilivyojua la kufanya, alikuja chuoni siku iliyofuata, amekasirika, akitaka kujua nani kawaambia watu. Tuliketi ofisini kwa mshauri, mie katikati yao.

"Mwanangu alikuja kukueleza kwamba anaumwa?" mama aliuliza.

"Mama, hilo muulize mwenyewe, huyu hapa," mshauri alijibu.

"Mimi ndiye niliyemzaa!"

"Ndiyo, mama. Na yeye ni mtu mzima, na maneno aliyoyasema hapa ni yake."

Mama alimtazama yule mwanamke kama mtu anayepima kitambaa dukani asichowahi kukiona. Halafu akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nilipoanza kuugua akaniuliza, hakuniamuru: "Je, naweza kujua ulichomwambia?"

Nilimweleza yote. Njiani kurudi hakunisema hata kidogo. Alipofika nyumbani alimwita baba kutoka kibandani, akamwambia huku akipiga makofi ya mshangao, "Yule mama hakuniambia! Hata mie, hakuniambia!"

Nilimaliza chuo pamoja na wenzangu. Sasa natengeneza vitanda na makabati kwenye karakana ya watu huku Chamazi, na yule mwenzangu wa maneno mengi ndiye aliyenitafutia nafasi. Hakumwambia mwenye karakana kitu. Aliniacha nikamwambie mwenyewe, na nilimwambia siku ya kwanza, kabla sijavaa aproni.